Mto Uko Wapi?

Mliponiaga Ijumaa iliyopita kwa keki iliyoandikwa jina langu kwa makosa, mmoja wenu aliniuliza kama ni kweli tulitumia miaka mitano kutengeneza gemu ambayo mtu anaimaliza kwa saa sita. Ni kweli. Nikamwahidi kuandika jinsi ilivyokuwa, kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki na kuahidi kulikuwa rahisi kuliko kueleza. Sasa nimestaafu, sina keki wala kisingizio.

Vyeo nitaviruka. Tulikuwa watu watatu na wote tulikuwa wakurugenzi, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumtuma maziwa ya chai. Mishahara nayo nitairuka, maana iliwahi kuniruka yenyewe.

Ofisi ya kwanza haikuwa hii mnayoijua yenye mlango wa kioo. Ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo, hapa hapa Machakos mjini, na kwa mwaka mzima kila nilichokishika kilinuka dawa ya kupe. Nilikuwa nimefundisha fasihi shule za sekondari kwa miaka kumi na minane. Nilikuwa na digrii mbili na maoni mengi. Niliajiriwa niwe mwandishi wa hadithi ya gemu, na siku ya kwanza nilifika na kurasa arobaini za mazungumzo, zimepigwa chapa na kubanwa vizuri.

Mwende, ambaye wazo lote lilikuwa lake, alizisoma akiwa amesimama. Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na kidogo, ameacha kazi ya kuchora ramani za majengo ili achore msichana mmoja asiye na uso.

"Ni nzuri, Mwalimu," akasema.

"Asante."

"Shida ni moja tu. Huyu msichana wetu ako peke yake. Ataongea na nani?"

"Na nafsi yake," nikamjibu, kwa sauti niliyoitumia zamani kwa kidato cha nne.

Mutiso alikuwa chini ya meza akiunganisha nyaya. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika programu yote. Akatoa kichwa. "Lakini hiyo nafsi iko na maneno mingi, Mwalimu. Ukurasa wa kumi na mbili imetoa hotuba kama chifu."

Kufikia saa saba mchana kurasa zangu arobaini zilikuwa zimebaki tatu. Kabla ya chai ya saa kumi haukubaki hata mmoja. Ndipo Mwende aliponieleza sababu, na ninaiandika hapa kwa sababu mambo yote yaliyofuata yanaizunguka. Mama yake, anayelima Kathiani, hakusoma. Mwaitu, tulimwita sote. Wale wenu mliotoka kwingine mjue ndivyo tunavyomwita mama, na hata mama wa mwenzako ukimheshimu.

"Nataka Mwaitu acheze kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kuita mtu amsomee," Mwende akasema. "Maisha yake yote anaita watu wamsomee. Neno moja likiingia kwa hii gemu, nimemfungia mlango."

Nilirudi nyumbani nikiwa mwandishi wa kwanza kuajiriwa ili asiandike. Ningeacha kazi kesho yake, kama Mwende hangenionyesha asubuhi hiyo kile kipande kidogo walichokuwa wamekwisha kukitengeneza.

Anga ilikuwa rangi ya chungu kilichotoka motoni. Chini yake vilima vyeusi, na mbele ya vilima msichana wa kimo cha kidole changu, mweusi tii, ana kibuyu mgongoni. Unamwendesha kulia na kushoto, anaruka, anapanda. Anafika kwenye mto mpana wa mchanga mtupu. Anapiga magoti, anachimba kwa mikono. Shimo linabaki kavu. Unangoja. Halafu pale chini panang'aa kitu kidogo, kama jicho linalofunguka kutoka usingizini, na maji yanapanda taratibu mpaka ile anga yote inaingia ndani ya shimo na kutulia.

Nilikuwa na miaka arobaini na kitu. Nilikuwa nimeyaona maji maisha yangu yote. Nilisahau kufunga mdomo.

Fumbo zima la gemu lilikuwa hilo. Maji yamefichwa mchangani, na kila kinachomzuia msichana, ukuta wa udongo, mzizi uliokauka, jiwe lililokwama, kinaachia njia ukijua mahali pa kumwaga kibuyu kimoja. Ukimwaga pasipofaa unarudi mtoni kuchota tena. Hakuna adui. Hakuna bunduki. Kuna kiu, mwanga unaopungua, na wewe.

Kwa kuwa sikuwa na maneno tena, na kumfukuza mkurugenzi ni kazi, nilipewa sauti. Mutiso aliniwekea mkononi kinasa sauti kidogo na kunifundisha kwa siku mbili. Yeye alikuwa mdogo wangu kwa miaka kumi na mitano na ndiye mwalimu bora niliyepata tangu chuo kikuu, ingawa hakuwahi kujua kwamba anafundisha. "Usiongeze," alikuwa akiniambia kila mara nilipomletea upepo uliochanganywa na ndege na ngoma. "Sikia kwanza kile kiko. Halafu toa nusu."

Wageni wengi wa kazi hii mnadhani mchanga una sauti moja. Mchanga mkavu wa juu unalia kama sukari inayomiminwa. Ule wa kiganja kimoja chini haulii. Wenye maji unatoa sauti nzito, kama mtu anayemeza. Niliyajua hayo kwa kupiga magoti kwenye mito mikavu kutoka huku hadi karibu na Masinga, masikio yamezibwa na vipokea sauti, suruali imechanika. Siku moja vijana wanaopakia mchanga kwenye malori waliacha sepetu zao wakanizunguka.

"Mzee, unapima nini?"

"Napima sauti."

"Ya nini?"

"Ya mchanga."

Wakatazamana. "Kwani imefanya nini?"

Ile sauti ya sepetu zikirudi kazini ndiyo mnayoisikia kwenye pango la tatu, imepunguzwa kasi, na watu wameniandikia kutoka nchi za mbali kuuliza ni mnyama gani. Na hapo niwape ushauri mmoja wa kikazi: kila faili iandikeni jina la mahali mliponasa. Mimi bado nina faili moja iitwayo "mchanga mzuri," na nyingine "mchanga mzuri wa mwisho," na nyingine "mchanga mzuri wa mwisho kabisa," na nadhani zote ni za siku moja.

Miaka minne ilipita hivyo. Mwende alichora, akafuta, akachora. Kuna kilima kimoja alikichora kwa miezi miwili, na siku alipokimaliza tulikaa watatu mbele ya skrini tukakitazama bila kusema lolote, mwenye duka wa chini akapanda kuja kuona kama tuko wazima, naye akakaa.

Mwaka wa tano tukapata wasambazaji. Walikuwa kampuni ndogo ya ng'ambo, watu waungwana, waliopenda gemu na kutupa nafasi ya kuitoa kwenye msimu wao. Sharti lilikuwa moja. Watu wasioijua gemu wangekaa nayo peke yao, na ni lazima wavuke mto wa kwanza bila msaada. Kama hawavuki kufikia mwisho wa mwezi, nafasi ingepewa gemu nyingine, na nafasi ya pili wasingeweza kutuahidi. Mutiso wakati huo alikuwa na barua ya kazi Nairobi, nayo ilimsubiri hadi mwisho wa mwezi huo huo. Hakutuficha. "Nikienda, nitakuwa nakuja wikendi," alisema, na sote tulijua gemu haimaliziki kwa wikendi.

Hatukuwa na wasiwasi. Mto wa kwanza? Ulikuwa mahali rahisi kuliko pote.

Video zikaja. Wasambazaji walikuwa wamewapiga picha wachezaji wakiwa mbele ya skrini. Wa kwanza alimwendesha msichana hadi mtoni, akavuka mchanga, akafika ukuta wa udongo, akaurukia, akashindwa, akarudi. Akavuka mchanga tena. Akarudi. Msichana akafa kwa kiu akiwa katikati ya mto. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alirukaruka kama chura kwa dakika ishirini. Hakuna hata mmoja aliyechimba. Mwishoni walipewa karatasi waandike maswali, na mmoja wao aliandika swali moja tu: Mto uko wapi?

Mutiso akapiga meza. "Si ameukanyaga!"

Tukacheka. Tukacheka sana, mpaka Mwende akanyamaza wa kwanza, halafu mimi, na Mutiso akabaki akicheka peke yake kwa sekunde chache zisizopendeza.

Kwetu mto ni mchanga. Mtoto hahitaji kuambiwa. Maji yakionekana juu, hiyo ni mvua au ni hatari. Tulikuwa tumefanya kazi miaka mitano, watu watatu wenye elimu, bila hata mmoja kufikiri kwamba kuna dunia nzima ambako mto ni maji, na mahali pasipo na maji si mto, ni uwanja.

Wasambazaji waliandika kwa upole. Wekeni sentensi moja tu, walisema. Itatafsiriwa kwa kila lugha.

Nakiri mbele yenu: moyo wangu uliruka. Miaka mitano nikingoja! Nilienda nyumbani nikaandika "Chini ya kiu kuna jibu," nikaipenda sana, na asubuhi nikaiona ilivyo na aibu ikanishika. Nikapunguza. Nikapunguza tena. Mwisho nikaleta neno moja: Chimba. Siku mbili zaidi nilizitumia kuamua kama liwe na nukta.

Mwende aliliweka juu ya mto, herufi nyeupe, akalitazama kama mtu aliyekuta kiatu cha mgeni kitandani mwake. Tukatuma.

Na lilifanya kazi. Hilo ndilo lililotuumiza. Video mpya zilipofika, kila mtu alichimba, kila mtu alivuka. Lakini walichimba kama wanaochimba choo. Maji yalipong'aa shimoni, hakuna aliyeinua hata nyusi. Walikuwa wameambiwa yapo. Wakajaza kibuyu, wakaendelea. Wasambazaji wakatupongeza. Siku tano zilibaki, hatukuwa na hoja yoyote dhidi ya neno langu, na Mwende alianza kuja kazini akiwa amechelewa.

Asubuhi ya Alhamisi Mwaitu akaja. Alikuwa ameteremka kutoka Kathiani kwa shughuli zake za hospitali, akapanda ngazi zetu na mfuko wa mapapai bila kumwarifu mtu. Mwende alikuwa ametoka. Kwa miaka mitano alikuwa amemkataza mama yake kuiona gemu kabla haijakamilika.

"Wi museo, Mwaitu?" Mutiso akamsalimia, akaruka kumpokea mfuko.

"Ni museo. Huyu mtoto wangu ako wapi?"

"Ametoka kidogo."

"Na hiyo kazi yake hainaga mwisho, iko wapi?"

Mutiso alinitazama. Nilitazama mapapai. Basi akamkalisha kwenye kiti cha Mwende, akampa kidhibiti, akamwonyesha vidole viende wapi.

"Hii rimoti yenu iko na matiti mingi kama nguruwe," Mwaitu akasema. Lakini baada ya dakika chache msichana alikuwa akitembea. Alitembea polepole sana, maana Mwaitu alisimama kutazama kila kilima, na kwenye kile cha miezi miwili alisema "Aiee" kwa sauti ndogo, kisha akaenda mpaka mtoni. Pale neno langu likatokea.

"Na hiyo imeandikwa nini?"

Nikasema, "Inasema chimba."

"Inaambia nani?"

"Wewe, Mwaitu."

"Nichimbe wapi?"

"Hapo mtoni."

"Hapo?" Akacheka hadi akaweka kidhibiti magotini. "Kwani nyinyi ni watoto wa bomba? Nani anachimba hapo?"

Mutiso akajitetea. "Lakini si mto iko na maji chini?"

"Iko. Si kila mahali. Utachimba mto yote kama fuko? Miiba iko wapi?"

"Miiba gani?"

"Ya kuzungushia kisima! Mtu akichimba, anazungushia matawi ya miiba ndio punda wasiingie wachafue. Wewe ukitoka mbali, hujui hapo ni kwa nani, unatafuta miiba. Mahali kuna miiba kuna maji. Hata kipofu anajua, inamdunga."

Sikumsikia Mwende akiingia. Alikuwa mlangoni na pakiti mbili za maziwa, na sijui alikuwa amesimama hapo kwa muda gani. Mama yake alimwona, hakumsalimia. Aliinyooshea skrini kidole.

"Mwende. Umetengeneza mto mzuri. Lakini hauna watu."

Nataka mfahamu vizuri uzito wa jambo hili. Mimi nilikulia Kathiani. Nilidungwa na miiba hiyo hiyo nikiwa na mtungi begani, niliijua kabla sijaijua alfabeti. Kisha nikasoma, nikahamia kwenye nyumba za mabomba, nikaandika kurasa arobaini kuhusu msichana anayetafuta maji, na humo hamkuwa na mwiba hata mmoja. Tulidhani kosa letu lilikuwa kujua kupita wageni. Kumbe hata sisi tulikuwa tumesahau.

Siku nne. Mwende alichora duara la matawi makavu katikati ya mchanga, dogo, jeusi, kama kiota kilichoanguka. Alichora alama za kwato zinazolizunguka bila kuingia. Mutiso aliandika namna msichana atakavyoshika tawi na kuliburuta. Aliliruhusu liburutwe mbele na nyuma, kwa sababu, alivyosema, kuzuia upande mmoja kungemchukua siku nzima asiyokuwa nayo. Mimi nilikata matawi ya mgunga nikayaburuta kwenye beseni la mchanga hadi nikapata sauti, na kovu moja kwenye gumba la kulia ambalo nawaonyesha wageni kama askari. Kisha Mwende akaniomba nilifute neno mimi mwenyewe. Nikalifuta, pamoja na nukta yake.

Tukatuma siku ya mwisho, saa chache kabla ya muda kwisha.

Majibu yalikuja na video moja. Mwanamke wa makamo alimfikisha msichana kwenye duara la miiba, akasimama. Akaenda upande wa pili, akasimama. Ulimwona akijiuliza, waziwazi, ni nani alikuwa hapa na alikuwa akilinda nini. Akavuta tawi. Akachimba, akangoja. Na maji yalipofungua jicho lake, yule mwanamke alijishika kifua kwa mikono miwili. Mutiso aliiandikia ile kazi ya Nairobi barua ya shukrani siku hiyo hiyo. Mwaitu alikuwa amekwisha kuimaliza gemu nzima wiki ileile, kwenye kiti cha Mwende, bila kuita mtu, na alipofika mwisho akauliza kama msichana amekula.

Siku gemu ilipotoka, saa tisa alasiri, tulikaa watatu tukimtazama mtu asiyetujua akiicheza moja kwa moja kwenye mtandao. Alikuwa mzee mwenye sweta nene, na dirishani kwake theluji ilikuwa ikianguka. Aliongea lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua hata neno. Alipata miiba. Alivuta tawi, akachimba, akanyamaza maji yalipopanda, akajaza kibuyu. Njia ilikuwa wazi mbele yake. Akamwendesha msichana hatua tano, sita, kuelekea ukuta.

Halafu akasimama. Akamgeuza. Akarudi mtoni, akalishika lile tawi, akaliburuta nyuma, taratibu, mpaka likafunga duara kama alivyolikuta.

"Hiyo sikuandika," Mutiso akasema. "Hakuna kitu inamwambia arudishe. Hapati pointi. Hapati kitu."

Nyumbani ndivyo inavyofanywa, lakini hatukuwa tumeiweka popote kwenye gemu, hatukukumbuka kuiweka. Mzee yule alikuwa ameitoa kwake, penye theluji. Nawaambia kwa moyo wote kwamba katika miaka yangu yote ya kazi, darasani na hapa, sijawahi kuona kitu kikubwa kama tawi lile dogo likirudi mahali pake.

Mwende alikuwa ameshapiga simu Kathiani, sauti imewekwa juu ili sote tusikie.

"Mwaitu," akasema, na ilibidi aanze mara mbili. "Mwaitu, kuna mtu wa mbali, mahali kuna theluji. Amechota maji halafu amerudisha miiba. Hakuna mtu alimwambia."

Upande wa pili walisikika kuku.

"Sasa," Mwaitu akauliza, "alitaka punda waingie?"